Nina laki sita, nataka darubini ya kwanza ya kuangalia nyota, nichukue ipi kati ya hizi?

mwalimu_SGD

Habarini za jioni wakuu. Naombeni ushauri kwa mwenye uelewa wa darubini za kuangalia nyota maana huku nilipo sijapata mtu wa kumuuliza. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha fizikia na hesabu, niko Singida nje ya mji, umeme upo ila taa za barabarani hakuna, kwa hiyo usiku usiokuwa na mbalamwezi nyota zinajaa hadi unaogopa. Nina mtoto wa miaka kumi anauliza maswali kila siku na wanafunzi wangu wa form three nao wameanza, nikaona niache kuwachorea ubaoni, niwaonyeshe kitu chenyewe.

Nimejichanga nimefika laki sita, hapo siwezi kuongeza. Nimeona vitu vitatu. Cha kwanza ni boksi jipya dukani, ya kioo milimita 76, imeandikwa kwa herufi kubwa inakuza mara 525, wanauza laki mbili na nusu na ndani kuna vilensi vitatu, Barlow ya mara 3 (kilensi cha kuzidisha ukuzaji) na stendi ndogo ya miguu mitatu. Cha pili ni used, kuna mzungu anarudi kwao anauza ya milimita 114, pembeni imeandikwa f 900, ina stendi ndefu ya chuma yenye mzigo wa kusawazisha kama jiwe la mizani, anataka laki tano na nusu. Cha tatu ni baikonola 10x50, laki moja na themanini.

Kwa akili ya kawaida ile ya mara 525 ndio kubwa na ndio bei rahisi, sasa mbona huyu wa pili anauza ghali wakati yake haijaandikwa namba yoyote ya kukuza? Na je kwa hizi nitaona pete za Zohali kweli au ni mpaka zile za mamilioni? Na kupiga picha kwa simu inawezekana? Nisaidieni kabla sijatoa hela.

anga_la_kusini

Mwalimu karibu sana, umeuliza mapema na hilo ni jambo jema, wengi huku wanakuja wakiwa wameshalipa.

Tuanze na hiyo 525 kwa sababu wewe ni wa hesabu utaielewa haraka. Darubini inakuza kiasi gani? Unachukua urefu wa fokasi ya darubini unagawa kwa urefu wa fokasi ya lensi ya jicho, basi. Hilo boksi la 76 kwa kawaida fokasi yake ni 700, na kale kalensi kadogo kabisa ndani ni milimita 4, 700 gawa kwa 4 unapata 175, halafu wanazidisha na ile Barlow ya 3, unapata 525. Ndio namba yao hiyo. Kihesabu ni sahihi kabisa, ila kwa macho haikusaidii kitu, kwa sababu kioo cha upana fulani kina mwisho wake wa kukuza, na kanuni ya watumiaji ni kwamba chukua upana kwa milimita zidisha kwa mbili. 76 inakupa kama 150 hivi, tena hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu, picha inakuwa kubwa, giza, haina ncha, na juu ya hivyo dunia inazunguka kwa hiyo kwa mara 175 tu kitu kinatoka nje ya duara lako ndani ya dakika moja hivi, na stendi ile nyembamba ukiigusa inatetemeka mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini. Mtoto wa miaka kumi atakata tamaa usiku wa kwanza, na hilo ndilo linaloniuma kuhusu hayo maboksi.

Kitu cha kuangalia ni UPANA wa kioo au lensi ya mbele. Upana ndio unaokusanya mwanga, na mwanga unakwenda kwa mraba wa upana. 114 gawa kwa 76 ni 1.5, mraba wake 2.25, maana yake ile ya mzungu inakusanya mwanga mara mbili na robo ya ile ya dukani. Na kwa fokasi yake ya 900 ukiweka lensi ya milimita 25 unapata mara 36, ukiweka ya 10 unapata mara 90, na hizo ndizo namba unazozitumia kila siku. Galileo aliona miezi minne ya Jupita mwezi Januari mwaka 1610 kwa darubini ya kukuza kama mara 20 tu, na lensi zake zilikuwa mbovu kuliko hizi zetu.

Zohali utaiona. Kwa mara 36 unaona haiko duara kama sayari nyingine, kwa mara 90 unaona pete na sayari vimeachana. Ila ujue Machi 2025 pete zilitugeukia ukingo kabisa zikawa kama mstari, sasa zinafunguka polepole na zitafika upana wake mkubwa karibu mwaka 2032, kwa hiyo usishangae zikiwa nyembamba kuliko picha za vitabuni. Mwanao atakua nazo.

Sasa lile la muhimu zaidi, na hili watu wa Ulaya na Marekani hawakwambii kwa sababu haliwahusu. Hiyo stendi yenye mzigo ni stendi ya ikweta. Kazi yake ni kufuata nyota kwa kuzungusha mhimili mmoja tu, lakini ili ifanye kazi huo mhimili lazima uelekee ncha ya anga (pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzunguka), yaani uinuke kutoka ardhini kwa digrii sawa na latitudo ya mahali ulipo. Mtu wa London anauinua digrii 51 na nyota ya kaskazini anayo palepale inamwonyesha. Wewe Singida uko karibu digrii 5 kusini. Nyota ya kaskazini huioni iko chini ya upeo, na ncha ya kusini iko chini kabisa pale digrii 5 kwenye vumbi na miti, na haina nyota yoyote ya maana ya kukuongoza. Mhimili wako inabidi ulale karibu sawa na ardhi, na stendi nyingi za bei hiyo hazikutengenezwa kulala hivyo, ule mzigo unagonga mguu wa stendi au bomba linaelemea upande mmoja. Unaweza kuhangaika nayo mwezi mzima.

Kwa hiyo ushauri wangu: nunua bomba la mzungu, stendi muachie au ichukue kama anaitoa bure, mshushe bei kwa hoja hiyohiyo. Halafu nenda kwa fundi seremala akutengenezee stendi ya Dobson. John Dobson alikuwa mtawa kule San Francisco, alikuwa anatengeneza darubini kubwa kwa mabaki ya mbao na vioo vya bure kisha anaziweka barabarani ili mpita njia yeyote aangalie mwezi, na mwaka 1968 akaanzisha na wenzake kikundi cha kufanya hivyo. Stendi yake ni boksi la plywood lisilo na mfuniko wala upande wa nyuma. Bomba unalivisha fremu ya mbao yenye masikio mawili ya duara pembeni, masikio yanakaa kwenye mikato ya nusu duara juu ya boksi, hapo linapanda na kushuka. Boksi lote linakaa juu ya ubao mwingine kwa bolti moja ya katikati, hapo linazunguka. Katikati ya mbao na mbao unaweka vipande vya teflon, ukikosa tafuta plastiki ngumu nyororo, ili liteleze bila kukwama na likae pale unapoliacha. Plywood ya milimita 18 inatosha. Bomba hilo halifiki mita moja, boksi lake mtu mmoja analibeba. Halina betri, halina cha kuharibika, na latitudo haliijui.

Mtumbatu

Assalaam alaykum. Mie napo hapo kidogo siafikiani na mwenzangu, si kwamba kasema uongo, la, yote aliyosema ni kweli, ila dada mwalimu kasema hii ni mara ya kwanza. Kwa mtu wa mara ya kwanza khasa mie ningemwambia achukue baikonola 10x50, zile pesa nyengine aweke. Kwa sababu gani, kwa sababu darubini inakuonesha kijisehemu kidogo mno cha mbingu na kama hujui wapi pa kuelekeza basi utazunguka nayo usiku kucha. Baikonola unanyanyua unaona. Kilimia kwa baikonola ni kitu kizuri kuliko kwa darubini yoyote kubwa, kinakaa chote ndani, zile nyota saba ulizozowea kwa macho zinakuwa makumi. Miezi ya Mshtarii, hiyo Jupita, nayo unaiona kwa 10x50 ukiegemeza viwiko ukutani mikono isitetemeke, vidoti vinne vimejipanga mstari, kesho yake vimebadilisha mahali.

Wazee wetu walikuwa wanasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na walikijua pasi na chombo chochote. Wafundishe wanafunzi macho kwanza, wajue Kilimia, wajue Msalaba wa Kusini, wajue sayari zinapita njia gani, ndipo uwape bomba.

Na jengine, huku kwetu visiwani baikonola ndio tunayoitumia kutafuta mwezi mwandamo, jua likishatua kabisa unapita nayo upande wa magharibi taratibu, ukishauona ndani yake unajua pa kuangalia kwa macho. Nasema jua LIKISHATUA, si kabla. Kwa darubini yenye duara dogo kazi hiyo ngumu kuianza.

Mwisho, ikiwa mtu anayesoma hapa yuko pwani, unyevu wetu unaleta ukungu wa fangasi kwenye vioo, ukishaingia kutoka ni tabu. Weka kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vile vipakti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu, vikausheni mara kwa mara. Singida nadhani shida hiyo hamna, nyinyi shida yenu vumbi.

anga_la_kusini

Mtumbatu umenena vizuri na kama mwalimu angekuwa ananunua kwa ajili yake peke yake ningekuunga mkono moja kwa moja. Tatizo ni darasa. Baikonola mtoto mmoja anaona, mwenzake anauliza iko wapi, huwezi kuielekeza ukamwachia mwingine bila kuwa na stendi. Bomba kwenye boksi unalielekeza mwezini mara moja, wanapanga foleni, unasogeza kidogo kila baada ya watu wachache. Kwa laki tano na nusu akimshusha mzungu mpaka laki nne, chenji inatosha fundi seremala na pengine baikonola ndogo ya mtumba.

ngomeni_yetu

Salaam kutoka Malindi. Mwalimu usiogope kununua used, vioo vya darubini havichakai kama injini, lakini kagua kabla hujatoa pesa na usikague usiku kwa tochi, nenda mchana.

Angalia ndani ya bomba kwa mdomo ule mpana, kule chini utaona kioo kikubwa. Vumbi kidogo si neno, na usilipanguse, kitambaa kinakwaruza. Kitu mbaya ni madoadoa ambayo ile rangi ya fedha imetoka, ama alama za kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi. Pima urefu wa bomba kwa sababu hapo kuna mchezo mwingi. Kama imeandikwa 900 basi bomba lenyewe linafaa kuwa karibu na urefu huo, sentimita themanini na kitu au zaidi. Kuna zingine za 114 zimeandikwa fokasi 1000 lakini bomba ni nusu mita tu, hizo zina lensi imefichwa pale kwa shingo ya kuweka jicho ndio irefushe fokasi, na nyingi picha yake haikazi vizuri, hiyo iache hata kama ni bei ya kutupa.

Halafu chukua rula upime upana wa ile shingo ya lensi ya jicho. Unataka ile ya milimita 31.7, ndio saizi ya kawaida dunia nzima, siku ukipata pesa unaongeza lensi yoyote. Za zamani zilikuwa 24.5 na kuzipatia lensi nzuri saa hii ni shida. Lensi zenyewe zikiwa na herufi H ama SR ujue ni za bei ya chini kabisa, zikiwa zimeandikwa Plossl hapo uko sawa.

Na kwa vile unafundisha fizikia nikupe kitu cha kuwaambia wanafunzi, huku kwetu Ngomeni kuna ile platfomu ya San Marco ya kurushia roketi baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ndipo iliporushwa setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza eksirei za angani, na kwa sababu ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Ndiyo ilikusanya data za Cygnus X-1 ambayo baadaye wanasayansi wakakubaliana ni shimo jeusi. Watoto wa huku wengi hawajui na ni kitu kilifanyika kwa mlango wao. Yule anayewaambia astronomia ni ya watu wa mbali mwambie hiyo.

Mkifika Nairobi tafuteni pia watu wa The Travelling Telescope, Susan Murabana na mwenzake Chu Owen, wanapeleka darubini mashuleni, ukiona vile wanapanga watoto utapata mawazo mengi ya darasa lako.

mwalimu_SGD

Nawashukuru sana jamani sikutegemea kupata majibu marefu hivi. Nimeenda kuiona leo mchana baada ya vipindi. Imeandikwa 114 na 900, bomba ni refu linakaribia mita, kioo kina vumbi ila sijaona doa wala utando, shingo nimepima ni kama milimita 31 na kitu na lensi ni mbili, 25 na 10, zote Plossl. Nikamwambia kuhusu stendi na latitudo akacheka akasema tangu aje hapa hajawahi kuipanga ikakaa sawa, akashuka mpaka laki nne na stendi kaniachia. Kwa hiyo nimeichukua, na fundi nimeshaongea naye kuhusu plywood.

Sasa niambieni usiku wa kwanza naanzaje, maana nataka nijaribu mwenyewe kwanza kabla ya kuwaita wanafunzi. Na lile swali la simu bado.

anga_la_kusini

Hongera mwalimu, laki nne kwa hiyo ni bei nzuri sana.

Kazi ya kwanza ifanye mchana. Juu ya bomba kuna kidarubini kidogo cha kulengea. Weka lensi ya 25, tafuta mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja na zaidi, uuweke katikati ya darubini kubwa, halafu kaza zile skrubu za kilengeo mpaka ncha ileile ya mnara ikae katikati ya msalaba wake. Usipofanya hivi usiku hutapata kitu, hata mwezi utakusumbua. Utaona mnara uko kichwa chini, usidhani imeharibika, darubini za kioo ndivyo zilivyo na angani hakuna juu wala chini.

Siku zote anza na 25, ukishakipata kitu katikati ndio unabadilisha kuweka 10. Ukianza na 10 utapotea.

Usiku wa kwanza chagua mwezi wa nusu, siku ya saba hivi tangu uandame. Watu wanasubiri mwezi mpevu kumbe mpevu ndio mbaya, mwanga unaupiga uso kwa uso, vivuli hakuna, unaona sahani nyeupe inayoumiza jicho. Ukiwa nusu, angalia pale mpaka wa mwanga na giza, mashimo yana kingo, milima inatupa vivuli virefu, ukikaa nusu saa au saa nzima unaweza kuona ncha ya mlima iliyokuwa gizani inaanza kuwaka. Wanafunzi wa jiografia nao waite.

Baada ya mwezi nenda kwenye sayari yoyote iliyopo jioni hiyo. Ingiza Stellarium kwenye simu, ya bure inatosha, itakuonyesha ipi iko wapi. Jupita ukiipata wape wanafunzi daftari, wachore vile vidoti vinne kila jioni kwa wiki mbili. Io inamaliza mzunguko ndani ya saa 42 tu, Callisto inachukua karibu siku 17, wakishachora watakutafutia vipindi wenyewe na una kipindi kizima cha fizikia hapo bila kununua kifaa kingine.

Kuna jambo moja la sisi wa karibu na ikweta. Sayari kwetu zinapita juu sana, Zohali miaka hii inapita karibu na utosi kabisa. Ni baraka, maana unaiangalia kupitia hewa kidogo kuliko mtu wa Ulaya anayeiona imeinama kwenye paa la jirani, lakini boksi la Dobson pale utosini linakuwa gumu kulielekeza, ukitaka kusogea kidogo pembeni inabidi ugeuze boksi zima. Usipigane nalo. Ishike Zohali masaa mawili au matatu kabla haijafika juu, au isubiri ianze kushuka.

Zile usiku za giza bila mwezi, kaa nje kama dakika ishirini hivi macho yazoee, simu weka mfukoni, ukihitaji mwanga funika tochi na karatasi nyekundu. Na hapa ndipo Singida inawapita watu wengi duniani. Mwezi wa tano na wa sita jioni, Msalaba wa Kusini ukiwa juu, tafuta Omega Centauri, kwa macho ni kama nyota yenye ukungu, kwa 114 yako ni mpira wa nyota, mamilioni ya nyota umbali wa miaka ya nuru kama 17,000, ukitulia utaanza kuona chembechembe pembeni. Hapohapo karibu iko Alpha Centauri, ile angavu zaidi kati ya mbili zinazouonyesha Msalaba, weka lensi ya 10 utaona ni nyota mbili zimekaa pamoja. Mwingereza akiwa kwao havioni vyote viwili maishani. Kuanzia Juni hadi Agosti anga likiwa kavu, kitovu cha galaksi yetu kinapita juu sana upande wa kusini, weka 25 utembee nayo polepole kwenye ule ukanda mweupe, hauhitaji hata kujua majina. Desemba hadi Machi kuna kundi la nyota la Orion, ile nebula (wingu la gesi) ya M42 upande wa kusini wa nyota tatu za mstari. Usitegemee rangi za picha za intaneti, utaona kijivu kama moshi, jicho letu kwenye mwanga hafifu halioni rangi. Ukitaka kuona zaidi usikitazame moja kwa moja, tazama pembeni yake kidogo, kinajitokeza.

Ukiona nyota haikazi hata ufanye nini, izungushe fokasi mpaka iwe duara kubwa lenye doa jeusi, doa likiwa katikati vioo viko sawa, likiwa limehamia pembeni basi vioo vimesogea safarini, niandikie nitakuelekeza kuvirudisha, ni skrubu tatu tu kule nyuma.

rujewa_kwetu

Mwalimu mimi ninaongeza moja tu lakini nakuomba ulisome mara mbili. JUA. Mimi ni wa Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki kama pete hapa Rujewa, watu walikuja kutoka kila kona, na tulisisitiziwa sana suala la macho. Darubini yako bila kichujio maalum cha kufunika mdomo WOTE wa mbele, ukiielekeza kwenye jua unapoteza jicho papo hapo na huwezi kulirudisha. Mfuniko wa mbele wa darubini nyingi una kitundu kidogo chenye kifuniko chake, kile SIO cha kuangalia jua. Na ukikuta kijilensi cheusi kimeandikwa SUN cha kufunga kwenye lensi ya jicho, kivunje utupe, kinakaa pale mwanga unapokusanyika, joto linakipasua wakati jicho lako liko palepale.

Mchana usiiache nje ikiwa wazi, mtoto atageuza tu kwa utundu. Hata kule kupanga kilengeo kwa mnara, chagua mnara ulio upande mwingine na jua.

Agosti 2, 2027 kuna kupatwa kwa jua kukubwa, njia ya kamili inapita Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia, mambo ya miwani na vichujio yataanza kuzungumzwa tena, ndio maana nasema mapema.

mwalimu_SGD

Nimekielewa kaka, na nimekikuta kweli hicho kitundu kwenye mfuniko, nimekiziba kwa gundi na mwanangu nimemwonyesha sababu. Fundi anamaliza boksi Jumamosi. Limebaki la simu.

ngomeni_yetu

La simu ni rahisi kwa mwezi na gumu kwa vingine. Mwezi unaweka lensi ya 25, unakaza fokasi kwa jicho lako kwanza, halafu unaleta kamera ya simu karibu na lensi taratibu mpaka duara la mwanga lijae. Tumia ile kamera kuu, ile pana iache. Gusa mwezi kwa skrini ushike fokasi, kisha shusha mwanga kwa kidole, kwa sababu simu yenyewe itaufanya mweupe kupita kiasi. Mikono ikitetemeka kuna vishikizo vya kufunga simu kwenye lensi, vya plastiki si ghali, ama mwambie fundi wako wa plywood akuchongee.

Zohali na Jupita usipige picha, piga video. Weka lensi ya 10, rekodi dakika moja ikipita, kisha kwa kompyuta kuna programu ya bure inaitwa AutoStakkert, inachagua fremu zile ambazo hewa ilitulia na kuzipandanisha ziwe picha moja safi. Mwanafunzi mwenye kupenda kompyuta mpe hiyo kazi.

Ule ukanda mweupe wa galaksi usiupige kwa darubini kabisa, boksi halifuati nyota. Hapo simu peke yake: egemeza kwa tofali ikitazama kusini juu, weka mode ya pro, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 1600 ama 3200, sekunde 10 hadi 15, fokasi kwa infiniti, na taima ya sekunde tatu ili kidole chako kisiitikise. Kama simu haina pro jaribu ile night mode ikiwa imetulia vilevile, zingine zinaongeza sekunde zenyewe zikiona hazisogei.